Kosa la Ritifaa Moja

Wasomaji wa gazeti letu, Mhariri ameniomba niandike habari za kazi ya kompyuta katika maktaba yetu, kwa kuwa wengi huuliza ilianzaje na inaendaje. Nimekubali, lakini habari hizi si za kujisifu. Katika kazi hiyo nilifanya kosa, na kosa langu likamwangukia mtu asiye na hatia. Nataka wale watakaoishika kazi hii baada yangu wajue kosa lilitoka wapi, ili wasilirudie.

Mwaka 2024, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilichaguliwa kuwa kiranja wa maktaba. Wakati ule habari zote za vitabu vilivyoazimwa zilikuwa katika daftari moja kubwa lenye jalada jeusi. Kila aliyechukua kitabu aliandikwa humo jina lake, kidato, namba ya kitabu na tarehe. Daftari lilikuwa limeandikwa na mikono mingi, mingine mizuri na mingine kama nyayo za kuku, na kurasa zake zilikwisha anza kuchomoka. Mwalimu wetu wa kompyuta akasema, "Kijana, daftari hili halitafika mwakani. Lihamishie katika kompyuta."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani kidogo, nayo ilikuwa na programu iitwayo Microsoft Access. Programu hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, na kazi yake ni kutengeneza kanzidata, yaani madaftari yanayoweza kuulizana habari. Nilitengeneza majedwali matatu. La kwanza niliita Wanafunzi, la pili Vitabu, na la tatu Mikopo. Kisha nikatengeneza fomu, yaani ukurasa wenye visanduku, ambao mtu akikaa mbele yake huandika habari chache tu na nyingine zikajiandika zenyewe.

Hapo kwenye kujiandika zenyewe ndipo penye hadithi yangu, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Katika Access kuna amri iitwayo DLookup. Amri hii ni kama mtoto wa Kidato cha Kwanza anayetumwa na kiranja. Ukimtuma mtoto, yakupasa umwambie mambo matatu: alete nini, aende wapi, na atakitambuaje kitu hicho. DLookup nayo yataka hayo hayo matatu: safu ya kuletwa, jedwali la kutafutia, na sharti la kutambulia. Kwa mfano, nilitaka nikiandika namba ya kitabu, jina lake litokee katika kisanduku cha pili. Nikaandika hivi:

=DLookup("Jina","Vitabu","NambaKitabu=" & [NambaYaKitabu])

Maana yake: niletee jina, kutoka jedwali la Vitabu, la kitabu kile ambacho namba yake ni sawa na hii iliyo katika fomu. Nikafungua fomu kwa furaha. Kisanduku kikanijibu #Name?

Nilidhani kompyuta imeharibika. Mwalimu akatazama mara moja akacheka. Katika fomu yangu kisanduku cha namba kiliitwa NambaKitabu, na katika fomula nilikuwa nimeandika NambaYaKitabu. Mashine ilikuwa inaniuliza, kwa lugha yake, "Huyu uliyemtaja ni nani? Mimi simjui." Nikaliondoa lile "Ya", na alama ile ikatoweka.

Lakini mahali pake pakaja nyingine, #Error. Hii ilinisumbua siku mbili. Namba za vitabu vyetu zaanza na sifuri, kama 0047. Kwa sisi ni namba, lakini kwa mashine 0047 ikiwa namba ni 47 tu, sifuri zake zaanguka. Ndiyo maana tangu mwanzo nilizihifadhi kama maandishi. Sasa fomula yangu ilikuwa inatafuta namba ndani ya safu ya maandishi, mashine ikakataa kulinganisha vitu viwili visivyo vya jinsi moja. Dawa ni kuyafunga maandishi kwa ritifaa, ile alama ndogo ya juu, moja mbele na moja nyuma:

=DLookup("Jina","Vitabu","NambaKitabu='" & [NambaKitabu] & "'")

Nikajaribu, na jina la kitabu likatokea. Niliruka kwa furaha, wenzangu waliokuwa wanajisomea wakaninyamazisha.

Basi nikaanza kuhamisha yale ya daftari jeusi. Katika daftari hakukuwa na namba za uandikisho za wanafunzi. Kulikuwa na majina tu, tena herufi moja ya jina la kwanza na jina la ukoo. Kwa hiyo nikatengeneza kisanduku kingine ambacho nikiandika jina, kitaniletea namba ya mwanafunzi:

=DLookup("Namba","Wanafunzi","Jina='" & [JinaMkopaji] & "'")

Ilifanya kazi vizuri sana. Nikaingiza majina ishirini, thelathini, hamsini. Mara, katika jina moja, #Error. Nikaendelea, wengine wakakubali, kisha tena #Error. Nikayaandika pembeni majina yaliyokataa, nikayatazama kwa muda mrefu nisione kitu. Ndipo rafiki yangu mmoja, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, akasema, "Mbona yote yana ng'?"

Kumbe ndivyo! Huku kwetu Kanda ya Ziwa majina yenye ng' ni mengi. Hata wilaya tunayo, Nyang'hwale, iliyoko Mkoa wa Geita. Na tazameni jinsi mkosi ulivyoingia. Nilikuwa nimeiambia mashine kwamba ritifaa ya kwanza yafungua jina, na ritifaa ya pili yalifunga. Nikimtaja Ng'oma, sharti lakuwa hivi: Jina='J. Ng'oma'. Mashine yaanza kusoma, yafika kwenye ritifaa iliyo katikati ya jina, yadhani jina limekwisha. Mbele yake yakuta vipande vya herufi, oma, visivyo na kichwa wala miguu. Yashindwa kuelewa, na kusema #Error.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Mashine ilikuwa imenijibu kwa unyofu kwamba haijaelewa. Kazi yangu ilikuwa kuielewesha. Lakini nilikuwa nimechoka, mtihani wa muhula ulikuwa karibu, na majina yaliyobaki yalikuwa mengi. Nikafanya lililokuwa jepesi: nikaingia katika jedwali la Wanafunzi, nikaziondoa ritifaa zote. Aliyekuwa Ng'oma akawa Ngoma. Baada ya hapo kila jina likapokelewa. Hakuna #Error hata moja. Nikamwambia Mwalimu, "Mwalimu, kazi imekwisha," naye akanisifu mbele ya darasa.

Mwezi wa Oktoba ukafika. Ndugu zetu wa Kidato cha Nne walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa, na kama ilivyo kawaida kila mmoja ilimpasa arudishe mali ya shule kabla ya kuondoka: kitanda, kiti, na vitabu. Nikaombwa nitoe orodha ya wenye madeni ya vitabu. Kompyuta ikaitoa kwa dakika moja, kazi ambayo zamani ilichukua juma zima. Orodha ikabandikwa ubaoni na kusomwa mstarini.

Katika orodha hiyo kulikuwa na kaka mmoja wa Kidato cha Nne. Jina lake halisi sitalitaja, nitamwita J. Ngoma. Deni lake lilikuwa kamusi moja ya Kiswahili. Alikuja maktaba siku ile ile, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mimi sijapata kuazima kamusi hapa. Ninayo yangu, aliniachia marehemu babu." Nikafungua fomu, nikamwonyesha: jina lake, namba yake ya uandikisho, namba ya kitabu. Nikamwambia, "Kaka, mashine haina sababu ya kukusingizia." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, na hata leo nikiyakumbuka naona haya.

Akaambiwa alipe thamani ya kamusi, shilingi 25,000. Hakuwa nazo. Mama yake akaja kutoka kijijini, safari ya mabasi mawili. Nilikuwepo ofisini alipolipa. Alizitoa noti zikiwa zimefungwa ndani ya pindo la kanga, nyingine za elfu mbili mbili, akazihesabu mara mbili mezani. Alipomaliza akamtazama mwanawe akasema, "Kama ulikichukua ungesema tu. Kwa nini umenifanya niuze kuku wa watu?" Yule kaka hakujibu neno. Alitazama chini.

Jioni nilichukua daftari jeusi ili nipige mstari kwenye deni hilo, kwa kuwa tulikuwa bado tunalitunza. Nikatafuta ile namba ya kamusi, nikaiona. Mbele yake paliandikwa, kwa mwandiko wazi kabisa: J. Ng'oma, Kid. I.

Nililitazama neno lile mpaka macho yakaniuma. Ritifaa ilikuwapo, imewekwa kwa kalamu nyeusi, wala haikuwa doa la wino. Na mbele yake Kidato cha Kwanza, si cha Nne.

Nikarudi kwenye kompyuta. Mwalimu alikuwa amenifundisha kwamba ukibonyeza Ctrl pamoja na G, chafunguka kidirisha cha kuulizia, ambamo waweza kuijaribu fomula peke yake, nje ya fomu. Nikauliza ni wanafunzi wangapi wenye jina hilo:

? DCount("*","Wanafunzi","Jina='J. Ngoma'")

Mashine ikajibu: 2.

Walikuwa wawili. Mmoja alizaliwa Ngoma, na mwingine mimi ndiye niliyemfanya Ngoma. Na DLookup, wasomaji wangu, haina desturi ya kusema "wako wawili, wamtaka yupi?" Yaleta jibu moja tu, la yule inayemkuta kwanza, kama mtoto uliyemtuma bwenini akamwite Juma naye akakuletea Juma wa kwanza aliyeitika. Kila nilipoiuliza, ilinipa namba ya yule wa Kidato cha Nne, aliyeandikishwa mapema.

Usiku ule sikulala vizuri. Shetani alinijia na hoja nyingi. Fedha zimekwisha lipwa. Kidato cha Nne wataondoka baada ya majuma machache. Hakuna mwingine aliyeliona daftari. Kwa nini ujitie aibuni? Lakini kila nilipofumba macho niliona noti zile zikihesabiwa mara mbili.

Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusema kosa langu." Nikamweleza yote toka mwanzo. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mashine ilipokuonyesha #Error, ilikuwa inakuambia nini?" Nikasema, "Kwamba haijaelewa." Akasema, "Na wewe ulifanya nini?" Nikasema, "Niliinyamazisha." Akatikisa kichwa akasema, "Basi umeshaelewa. Twende kwa Mkuu wa Shule."

Yule mtoto wa Kidato cha Kwanza akaitwa. Alipoulizwa habari za kamusi alikwenda mbio bwenini akarudi nayo, imefunikwa gazeti, safi kabisa. Mkuu wa Shule akamwuliza, "Mbona hukuirudisha orodha iliposomwa?" Mtoto akajibu, "Mkuu, mimi sikuitwa. Aliitwa Ngoma. Mimi ni Ng'oma."

Jibu hilo lilinichoma kuliko adhabu yoyote. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwapo, akanieleza kwamba katika lugha yetu ng na ng' ni sauti mbili mbalimbali, wala ritifaa si pambo. Ngoa ni wivu au tamaa, na ng'oa ni kutoa kitu ardhini pamoja na mizizi yake. "Nawe," akasema, "uliyang'oa majina ya watu." Kila aliyekuwapo alicheka, isipokuwa mimi.

Fedha zilirudishwa siku ile ile kwa simu. Mkuu wa Shule akaniruhusu nizungumze na yule mama. Nikasema, "Shikamoo, mama. Mimi ndiye kiranja wa maktaba. Mwanao hakuchukua kitabu. Kosa ni langu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fedha nimeziona. Lakini nilimgombeza mtoto wangu mpaka kituo cha basi, namwita mwongo mbele za watu. Hilo halirudi kwa simu. Lirudishe wewe huko huko lilikotoka."

Nikalirudisha. Jumatatu mstarini, mbele ya shule nzima, nilisimama nikasema kwamba kaka yetu alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea, nikaeleza na sababu. Yule kaka akatoka mstarini akanipa mkono. Baadaye aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Hata mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama nilichukua kamusi nikasahau. Ukionyeshwa jina lako kwenye kompyuta, wajishuku."

Sasa niseme jinsi tulivyoitengeneza, kwa faida ya watakaofuata.

Kwanza, tulizirudisha ritifaa zote mahali pake, jina kwa jina, tukifuata vitabu vya uandikisho. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili, nami sikukubali kusaidiwa. Tukaandika na majina kamili badala ya herufi moja.

Pili, tuliifundisha fomula kuzivumilia. Ndani ya sharti, ritifaa mbili zikifuatana mashine huzisoma kama ritifaa moja ya kawaida, wala haidhani kwamba jina limefungwa. Kwa hiyo twaiambia ibadili kila ritifaa iliyomo katika jina kuwa mbili kabla ya kutafuta:

=DLookup("Namba","Wanafunzi","Jina='" & Replace([JinaMkopaji],"'","''") & "'")

Tazameni! Dawa ya tatizo lililonishinda ni neno moja tu, Replace. Ningeuliza, ningeambiwa kwa dakika mbili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuliacha kabisa kumtambua mtu kwa jina wakati wa kuazima. Majina yaweza kufanana hata bila kosa la mtu, lakini namba ya uandikisho ni ya mmoja tu. Tukaufanya safu ya Namba kuwa ufunguo wa jedwali, hata mashine yenyewe yakataa namba moja kuandikwa mara mbili. Siku hizi anayeazima huchaguliwa katika orodha inayoonyesha namba, jina kamili na kidato, na kinachohifadhiwa katika Mikopo ni namba. Jina hutumika kumsomea tu, ili aseme, "Ndiye mimi."

Nne, tulikubaliana kwamba fomu ikionyesha #Name? au #Error, hakuna ruhusa ya kuificha mpaka sababu ijulikane. Ziko njia za kuificha. Waweza kuiambia mashine kwamba ikikosea iache kisanduku kitupu, au iandike sifuri, na ukurasa ukaonekana safi. Mimi nazijua njia hizo, na kwa kuwa nazijua naziogopa. Twaanza kwa kutazama kama majina yote katika fomula yameandikwa sawasawa, kisha kama maandishi yamefungwa na namba zimeachwa wazi, kisha twaijaribu fomula peke yake katika kile kidirisha. Mwisho twahesabu kwa DCount: jibu likiwa 0, hayupo, likiwa 1, ndiye, likipita 1, usiandike deni la mtu.

Tano, daftari jeusi halikutupwa. Limeshonwa upya, nalo liko kabatini. Kila orodha ya madeni hulinganishwa na maandishi ya mkono kabla ya kubandikwa ubaoni.

Vijana wenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliupaka ufa chokaa, ukaonekana umekwisha. Siku zile #Error ziliponiudhi, nilidhani adui yangu ni alama ile. Sivyo. Alama ile ilikuwa inanipigia kelele kwa nia njema. Jibu lililomwumiza mtu lilitoka baadaye, limenyooka na kupendeza, halina alama yoyote ya kosa.

Mwaka huu nitaondoka, na funguo za maktaba atakabidhiwa mwingine. Mwalimu amependekeza awe yule mtoto wa kamusi, ambaye sasa yuko Kidato cha Pili na ameanza kuijua Access vizuri. Juzi nilimkuta anaijaribu fomu kwa kuandika jina lake mwenyewe. Akabonyeza, namba yake ikatokea, jina likatokea pembeni na ritifaa yake juu. Akaligusa kwa kidole kwenye kioo, akaniambia, "Sawa, kaka. Limekaa."